Ukuta wa Vidole Gumba

Wewe ulipita. Usikatae. Jumamosi ile uliona ukumbi wa zamani wa Bagira, hapa Bukavu, ukivunjwa, ukageuza shingo kutazama ziwa, kana kwamba Ziwa Kivu lililetwa asubuhi hiyo.

Hukukosa peke yako. Télesphore, chef wa quartier, mkuu wa mtaa, aliupenda ukumbi huo hata akautangazia salongo, kazi ya pamoja ya mtaa: kila nyumba ilete mtu mmoja na jembe, tusafishe "takataka ya matofali". Ndani ya takataka hiyo watu walioana na kuliliwa. Sasa tajiri wa dhahabu kutoka Kamituga angepandisha hapo jengo la etaji nne, ghorofa zote za vioo. Akili gani hiyo! Unawaita watu wavunje chao wenyewe, bure, na asante juu.

Maman Adolphine alifika bila jembe. Alibeba kopo la rangi nyekundu na burashi. Babu yake alifyatua matofali yale. Zamani kila fundi alibonyeza kidole gumba katika udongo mbichi ili kazi yake ijulikane. Cha babu kilikuwa na kovu. Adolphine hakuwa na picha yake nyingine.

"Maman, jembe iko wapi?" aliuliza Télesphore.

"Nilisahau, papa chef. Sawa vile ulisahau kutuuliza."

"Hiyi nyumba haina historia. Nilitafuta mu vitabu. Mwenye aliijenga hajulikane."

"Mama yako pia haiko mu vitabu. Si alikuzaa?"

Watu walicheka, kisha wakapiga majembe. Ndiyo sisi. Ukuta wa mbele ulilala chini kabla Adolphine hajamaliza kuandika kwenye ule wa nyuma, wenye kidole cha babu: SALLE HII HAIUZISHWE, yaani ukumbi huu hauuzwi.

Bukavu nzima inayajua maneno hayo. Familia huyaandika mjomba mwizi anapotafuta mnunuzi wa nyumba, na hata mlevi huyaheshimu. Majembe yakasita hewani. Watu wakamtazama Télesphore jinsi wanavyomtazama mjomba huyo.

"Futa!" alifoka Télesphore.

"Leta ulimi yako. Imezoea kulamba watu ya Kamituga."

Watu walirudi nyumbani mmoja mmoja. Lakini Télesphore hachoki kupenda: ametangaza salongo nyingine. Ni kesho. Tangu asubuhi Adolphine ameketi kwenye kiti chake, mgongo ukutani, kidole chake ndani ya alama ya babu.

Anakaa peke yake. Usimsikitikie, huruma haizuii jembe. Lako liache nyumbani. Inuka, shuka Bagira sasa hivi, weka mgongo wako kando ya wake.