Baina ya Boti na Gati

"Dapra yako ndiyo iliyokatika," alisema Hamid, bado kasimama mlangoni, kiatu kimoja ndani kimoja nje. "Ndivyo wanavyosema ofisini."

Biasha hakuinua kichwa. Kisu chake kilikuwa katikati ya tairi la lori, na tairi la lori huliachi nusu. Mpira hukibana kisu, na ukikilazimisha kinaruka na kukurudia wewe. Alimimina maji ya sabuni kwenye mkato, akavuta, akavuta tena, mpaka kipande kikaachana na chenzake. Hapo ndipo alipomtazama jirani yake.

"Imekatika wapi?"

"Kamba. Boti ilikuwa inakuja kufunga gati. Jaku..." Hamid aliurudisha nje ule mguu wa ndani. "Jaku kaumia mkono, Biasha. Wa kulia. Yuko hospitali tangu asubuhi."

Jua lilikuwa limeshapita utosini.

"Tangu asubuhi. Na wewe waja saa hizi, na la kwanza kuniambia ni dapra?"

Hamid alitazama chini. Biasha alikichomeka kisu ardhini, akachukua buibui lake kwenye msumari na kupita mbele yake bila ya kumwambia karibu wala kwaheri.

Kila aliyekuwa na kitu kigumu kinachogongana na kitu kigumu chengine alifika kwa Biasha, kwenye kibanda chake cha Amani. Wenye magari walikuja kukatiwa bushi. Wenye mashine za kusaga walitaka vipande vya kuweka chini ya miguu ya mashine ili mtikisiko usipasue sakafu. Wenye mageti ya chuma walitaka vya kuzuia kishindo, na bibi harusi mmoja alitaka vya kuweka baina ya kitanda na ukuta, akacheka peke yake bila ya kueleza. Lakini kazi aliyoionea fahari Biasha ni dapra, yale matairi yanayoning'inizwa ubavuni mwa boti ili ikija gatini ikutane na mpira, si na saruji. Aliirithi kazi hiyo kwa marehemu baba yake, pamoja na kisu, pamoja na Jaku, mdogo wake wa mwisho, ambaye alimlea kama mwanawe wa kumzaa.

Hamid ndiye aliyemtafutia Jaku ubaharia kwenye kampuni ya boti za watalii kule Fumba. Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa uhusiano pale. Wavuvi wakija juu kwa sababu boti imepita juu ya nyavu zao, hutumwa Hamid. Mtalii akitapika njia nzima na kutaka arejeshewe pesa zake, huitwa Hamid. Mabaharia wakicheleweshewa mishahara, Hamid ndiye huenda kuwaambia subirini. Alikuwa mtu mpole, na upole huo ndio waliouajiri.

Jaku alilala chali kwenye kitanda cha dirishani, mkono umefungwa bendeji mpaka kiwikoni, umekuwa mnene kama wa mtu mwengine. Uso wake ulikuwa wa kijivu. Biasha alikaa ukingoni mwa kitanda.

"Vidole vingapi?"

"Vitatu havipo."

Biasha alikunja ngumi ndani ya buibui. "Dapra alifunga nani?"

"Hazikufungwa, dada."

"Hamid kasema imekatika kamba."

"Hazikufungwa hata moja. Boti si imepakwa rangi upya? Nyeupe pepepe. Meneja kasema matairi yanaichafua, wageni wanapiga picha na michirizi myeusi inaonekana. Akatwambia tuzitie stoo ya mbele." Jaku alifumba macho. "Nahodha alikuja kwa kasi, na mkondo unasukuma. Akanipigia kelele, zuia! Nikazuia."

"Ukazuia kwa nini?"

"Kwa mkono. Kulikuwa na nini chengine?"

Biasha aliinuka. Alihisi hasira ikimpanda kutoka miguuni kama maji ya moto, ikampita kifuani, ikamfika kooni na kukaa hapo. Watu wamekaa, wakatazama ubavu wa boti na mkono wa mtoto wa watu, wakachagua kipi kisichubuke.

"Nakwenda huko Fumba," alisema. "Nakwenda sasa hivi."

"Usende." Jaku alifumbua macho. "Hamid keshafika hapa. Kasema tukikubali kuwa dapra ilikatika, kampuni itanitibu mpaka mwisho, na nikipona nitapewa kazi ya kukaa, ya tiketi. Ukikataa, hapana kitu. Kubali tu, dada."

"Nikubali kuwa mimi ndiye niliyekukata vidole? Nani atanunua tena dapra kwangu? Nani atakata hata bushi?"

"Utapata kazi nyengine. Wewe una mikono miwili."

Biasha alimvutia shuka mpaka kifuani, akatoka.

Hamid alikuwa ukumbini, kajiegemeza ukutani karibu na ndoo ya kupigia deki.

"Ulijua?" Biasha alimuuliza.

"Mimi natumwa tu, Biasha."

"Sikukuuliza nani kakutuma. Ulijua kuwa dapra hazikufungwa?"

Muuguzi alipita akiwatazama. Hamid alisubiri mpaka akaingia wodini. "Nilijua."

"Miaka yote hiyo wanakuweka baina yao na watu. Tusi lao, unatukanwa wewe. Hayo ni yako, umeyaridhia. Sasa umekuja kunikamata mimi uniweke hapo?"

"Na ukikataa, Jaku atatibiwa na nani? Niambie. Mimi nimepigania hata hiyo kazi ya tiketi. Walikuwa hawataki kutoa kitu!" Sauti ya Hamid ilipasuka. "Unadhani mimi nalala?"

"Silijui la usingizi wako," alisema Biasha, "na silitaki."

Asubuhi ya pili alikwenda Fumba. Boti ilikuwa gatini, nyeupe, imeoshwa, na wageni wameshaanza kupanda na vikapu vyao vya matunda. Haikupumzika hata siku moja. Baharia mmoja alimwambia kwa sauti ya chini kuwa jana ile ile alasiri ilichukua safari. Mabaharia wawili walikuwa wamekaa ukingoni mwa gati, wameiwekea boti nyayo zao ubavuni, wanaisukuma kila wimbi linapoileta.

Nyayo. Biasha alizitazama zile nyayo, zikikunjika na kukunjuka dhidi ya rangi nyeupe, na kile kilichokuwa kimekaa kooni kwake tangu jana kikatoka.

Alivua viatu, akarukia botini. Mtu alimwita, hakugeuka. Aliifungua stoo ya mbele, akaingiza mkono gizani, akaijua dapra yake kwa kuigusa, kama mtu anavyozijua nywele za mwanawe. Akaivuta nje. Akavuta ya pili. Zote zilikuwamo. Kamba nzima, mafundo yake mwenyewe, na ule unga mweupe aliozipaka siku ya kuziuza ulikuwa haujatoka. Alizirusha gatini moja baada ya moja, na kila moja ilianguka kwa kishindo kizito kilichowanyamazisha wageni.

Meneja, Bwana Abdulwahid, alitoka ofisini na simu sikioni. Alikuwa kijana, shati limepigwa pasi, uso wa mtu aliyezoea kusemewa.

"Mama, hapa haruhusiwi mtu kuingia."

"Nioneshe iliyokatika," alisema Biasha. Alisharudi gatini, miguu mitupu kwenye saruji. "Ziko hizo. Nioneshe iliyomkata mdogo wangu vidole."

"Hamid," aliita meneja, bila ya kumtazama Biasha. "Mtoe huyu."

Hamid alikuja mbio mbio. Akaingia baina yao kama alivyozoea, mikono wazi, bega moja kwa meneja na moja kwa Biasha, na tabasamu lile la kuomba radhi likaanza kumjia lenyewe.

"Ondoka hapo, Hamid," alisema Biasha.

Alilisema taratibu, na Hamid akasita. Alizitazama dapra miguuni mwake. Aliwatazama wale mabaharia wawili, ambao walikuwa bado wanaisukuma boti kwa nyayo kwa sababu hawakuweza kuiacha. Tabasamu likamtoka. Akashusha mikono, akapiga hatua moja pembeni, kisha nyengine.

Meneja akageuka kumtafuta, na hapakuwa na mtu. Pale mbele yake alikuwapo Biasha tu.

"Mama yangu..." alianza.

"Mimi si mama yako. Jibu."

Meneja aliwatazama wageni, akawatazama mabaharia, na alipopata sauti ilikuwa nyembamba. "Kama mnataka hivyo, basi matibabu mtajilipia wenyewe. Na kazi asahau."

"Iliyokatika huna, na kutulipa umekataa wewe," alisema Biasha. "Kwa kinywa chako. Wote wamesikia."

Aliinama, akaibeba dapra ya kwanza na kuifunga ubavuni mwa boti. Mabaharia waliinuka, wakamsaidia kufunga zilizobaki. Wimbi likaja, boti ikaegemea, mpira ukalia, na mstari mweusi ukachorwa kwenye rangi nyeupe. Hakuna aliyekwenda kuufuta.

Habari zilimtangulia hospitali. Alipofika, saa ya wageni, na hotipoti la wali ubavuni, Jaku alikuwa kageukia ukuta.

"Hamid kafukuzwa," alisema Jaku, bila ya kugeuka. "Kanipigia simu. Kasema yuko tayari kwenda kusema aliyoyajua, popote utakapompeleka. Na mimi?"

"Na wewe uko kwangu."

"Kwako. Nitakata matairi kwa mkono upi?"

Biasha alinawa, akafungua hotipoti, akauchanganya wali na mchuzi wa changu na kuutoa miba kwa vidole, mmoja mmoja. Kisha akafinyanga tonge dogo na kumpelekea kinywani.

"Kula, Jaku."

Jaku alikaza meno. Mgonjwa wa kitanda cha pili aligeuza uso upande wa pili, kwa heshima. Mchuzi ulimchuruzika Biasha kwenye kifundo cha mkono, ukaenda polepole mpaka kiwikoni, na yeye hakuushusha mkono.