Ukimya wa Chumba

Kila asubuhi, kabla wenzake hawajafika, Sisimizi, kama walivyomwita kwa udogo wake, alikaa sakafuni kando ya mlango wa chumba cha mazoezi akivunja viatu. Viatu vya baleti huja na ncha ngumu kama ubao. Usipovilainisha wewe, vitakulainisha vyenyewe. Alikibana kiatu upande wa bawaba, akausukuma mlango polepole, kra, akakitoa na kukijaribu mguuni. Kila kiatu mara moja tu. Ukizidisha, umekiua.

Asubuhi hiyo alikuwa ameshamaliza vyote viwili, vipya kabisa, aliposikia sauti nyuma yake.

"Safi sana. Hebu rudia."

Alikuwa mwongozaji wa filamu pamoja na mpiga picha wake. Hii ilikuwa wiki yao ya tatu wakirekodi makala kuhusu wachezaji wadogo wa shule ile. Walitaka maisha yalivyo, walisema. Jifanyeni hatupo. Ni kazi kweli kujifanya hayupo mtu anayekukanyaga vidole.

Sisimizi alitaka kumwambia kwamba kiatu hakirudiwi. Alichosema ni, "Sawa, kaka."

Akarudia. Mwanga ukawa mbaya, akarudia tena. Mpiga picha akapiga chafya. Kisha mwongozaji akamwomba aonekane kama anawaza maisha yake ya mbele, na Sisimizi, aliyekuwa anawaza viatu, akaonekana hivyo hasa. Wakapiga na moja ya akiba, huenda zile zikaharibika. Walipoondoka wakimshukuru, viatu vilikuwa laini kama kitambaa cha kufutia meza.

Na siku ya kuomba dansi ndiyo hiyo. Katika onyesho la mwisho wa mwaka kulikuwa na dansi ya mtu mmoja. Mwalimu wao, mama wa miaka sitini mwenye fimbo ya kugongea mapigo sakafuni, hakuwa na desturi ya kumchagulia mtu. Anayeitaka aje aseme kwa kinywa chake, ndipo ajaribiwe. "Mimi si mganga nisome mioyo," alizoea kusema. Mwisho wa kuomba ulikuwa kengele ya saa nne, na mpaka sasa aliyeomba ni Kasuku peke yake, ambaye angeomba hata dansi ya watu wawili aicheze mwenyewe.

Sisimizi aliijua dansi ile yote. Aliicheza jikoni kwao mpaka mama yake akahamisha vyombo. "Mwanangu," mama alimwambia, "simba mwenda kimya ndiye mla nyama, lakini wewe unakwenda kimya na nyama wanakula wengine."

Saa tatu na nusu alimsogelea mwalimu. "Mwalimu, samahani, nilikuwa..."

"Mwalimu, sogea kidogo kushoto," mwongozaji akasema, "unaziba dirisha." Mwalimu akasogea, na akaendelea kusogea mpaka kwenye piano.

Saa nne kasoro robo akajaribu tena. Hajafika hata neno la pili, Kasuku akamdakia: "Mwalimu, anataka kwenda chooni. Nenda tu, mdogo wangu." Akaenda. Angefanyaje?

Aliporudi, fundi sauti wa filamu alikuwa amesimama katikati ya chumba. Alikuwa pande la mtu, vipokea sauti masikioni, na kinasa sauti chake chenye manyoya kilining'inia juu yao kwenye ufito mrefu kama paka aliyelala. Kwa wiki tatu hakuna aliyemsikia akisema neno.

"Naomba ukimya wa chumba," akasema. "Dakika moja. Kila chumba kina ukimya wake. Nitautumia kuziba mapengo ya sauti, kama fundi cherehani anavyotia kiraka cha kitambaa kilekile."

Wakanyamaza. Tumbo la mwongozaji likanguruma. Wakaanza upya, na Kasuku akauliza kama wameshaanza. Safari ya tatu ukimya ukakaa. Sisimizi akatazama saa ya ukutani. Zilibaki dakika tatu. Akajiambia kwamba hapa angalau hakuna wa kumkatiza, akafungua mdomo.

"Naitaka," akanong'ona.

Hakuna aliyegeuka, ila fundi sauti aliruka kama ameumwa na nyuki. "Nani anaitaka?"

"Hakuna aliyesema kitu," mwongozaji akamjibu.

"Huyu mdogo amesema. Nimemsikia kama amekaa ndani ya sikio langu."

"Anataka nini?"

"Mimi nimeajiriwa kunasa sauti, bosi. Maana tafuteni wenyewe."

Mwalimu akagonga fimbo mara moja. "Huyu baba hawezi kukuombea. Kengele haijalia, mjukuu wangu. Sema." Kasuku akafungua mdomo, fimbo ikamwelekea, akaufunga.

"Naitaka dansi ya mtu mmoja, mwalimu," Sisimizi akasema, na sasa hata mpiga picha kule dirishani akasikia. Akavuta pumzi. Kumbe ukishatoa la kwanza, la pili huja lenyewe. "Na huyu kaka mwongozaji ameniulia viatu. Aniletee vingine, na hivyo nitavivunja mara moja tu, apige picha asipige."