Goti Mbele ya Mkamwana

"Mwambie apandishe suruali," sauti ya kike ilisema nyuma ya mashine ya ultrasound.

Mzee Ambindwile alikuwa ameshaipandisha. Aliposikia sauti ile akaishusha upesi, akageukia ukutani. Aliijua kwa kuisikia jikoni, ng'ambo ya ukuta: Tulinagwe, mke wa mwanawe Asajile. Hakuambiwa kwamba mkamwana huyo amehamishiwa hospitali hii ya Makandana. Kwa mila yao, baba mkwe na mkamwana hawatazamani wala hawasemeshani. Tulinagwe akimwona njiani, huingia migombani mpaka mzee apite.

"Hakuna mwingine?" akamuuliza nesi Winfrida.

"Yuko likizo, tata. Kwani goti nalo lina aibu?"

"Umeolewa, mwanangu?"

"Bado."

"Ndiyo maana."

Lakini daktari alishamwambia: kama kano ya juu ya goti imekatika, atapasuliwa, na mteremko wa chai kule Mpuguso hataukanyaga tena. Mchumaji husimama kwa mguu wa chini. Huo ndio unaobeba kapu na mwili, mikono ikitafuta majani mawili na chipukizi. Mguu wake wa chini ulikuwa huu.

Akapandisha suruali.

Winfrida akamlaza, akatundika kitenge katikati ya kitanda, goti likabaki ng'ambo. Kila neno likapita kwake, mpaka alipoitwa wodi ya wazazi, akatoka mbio.

Kifaa chenye mafuta ya baridi kikatulia juu ya goti. Nje mvua ilianza kupiga bati.

"Wewe mashine," mzee akaiambia dari, "unangoja nini?"

Ng'ambo ya kitenge, kwa sauti ndogo: "Mashine inaomba goti likunjwe. Polepole."

Akalikunja. Jasho likamtoka.

"Sasa linyooshwe."

"Amri hizi, mashine, umefundishwa na mke wangu."

Kitenge kikatikisika, mtu alikuwa anazuia kicheko.

"Imekatika?" mzee akauliza. Safari hii hakutania.

Kioo cha mashine kikasukumwa taratibu hadi kikatokeza pembeni mwa kitenge. Ndani ya weusi kulikuwa na dimbwi la maji, na juu yake utepe mweupe wa kano, umechanika ukingoni.

"Mashine inaomba tena."

Akakunja. Utepe ukavutika, ukakaza, haukukatika.

Hakuombwa mara ya tatu. Akanyoosha, akakunja, macho kiooni, na mkono wa ng'ambo ukalifuata goti lilikokwenda.