Mvi Zilizotoka Kijani

Kifungua mimba wa marehemu hakubisha hodi. Aliufungua mlango wa duka la uchapaji kwa teke, akamtwanga mpiga chapa usoni kwa bunda la vijitabu vya mazishi alivyochukua asubuhi ile. Damu ya pua ikaruka mpaka ukutani.

"Nikutegee kitendawili, we bwege? Kaingia humu na mvi, katoka na majani kichwani. Nani huyo?"

Mpanga kurasa aliinuka kwenye kompyuta yake. Mpiga chapa alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa. Akaokota kijitabu kimoja, akatazama picha ya marehemu kwenye jalada. Jamani! Nywele kijani, mashavu kijani, bibi wa watu kama kaopolewa kwenye dimbwi.

Palipoharibika alipajua. Kijivu cha kwenye kioo cha kompyuta ni taa tatu, nyekundu, kijani na buluu, zinazowaka sawasawa. Karatasi haina taa, ina wino. Ndiyo maana picha ya kijivu kama ile yeye huivua rangi zote, ikabaki na wino mweusi peke yake, usiojua kugeuka. Shemeji kaona mweusi mtupu umepooza, akairuhusu mashine ichanganye yenyewe wino wa samawati, wa majenta ile nyekundu ya waridi, wa manjano na mweusi. Samawati na manjano zikazidi kidogo tu, basi, marehemu akachipua.

"Shemeji, si nilikwambia usiguse?"

"Nilitaka apendeze..."

Hakumaliza. Yule bwana alimburuta kwa ukosi wa shati, akaulaza mkono wake wa kulia chini ya kisu cha mashine ya kukatia karatasi, akaushika mpini.

"Tunazika saa sita. Mama yangu arudi na rangi yake, la sivyo huyu ataanza kula kwa kushoto."

Kisu kikachanja ngozi ya kiganja. Shemeji akapiga yowe.

Mpanga kurasa akarudi kwenye kompyuta, akaifungua picha. Akafuta samawati. Akafuta majenta. Akafuta manjano. Akakoleza weusi kidogo chini ya kidevu, akachapa. Karatasi ikatoka ina moto, akaiinua mbele ya yule bwana.

Mvi zilikuwa mvi.

"Ndiye," alisema, na mkono ukamlegea kwenye mpini.

Hapo shemeji akachomoka, akanyakua spana iliyokuwa juu ya mashine, akamtandika nayo yule bwana tayani. Meno mawili yakadondoka sakafuni. Akainua tena, safari hii akilenga utosi.

"Umharibie mama yake, halafu umuue na yeye?" Mpanga kurasa alimrukia, akamng'ata mkono mpaka spana ikaanguka. "Saa nne na nusu hii! Weka karatasi!"

Shemeji akatweta, akajifunga kitambaa kiganjani, akaweka karatasi. Yule bwana akajikokota mpaka mezani, akatema damu kwenye leso, akajifuta mikono vizuri, akaanza kukunja nakala moja moja.