Mtu Mzima kwenye Rafu ya Vijana

Niliota usiku wa jana kwamba maktaba imehamia jikoni kwa mama yangu, na mimi nipo kwenye foleni ya kuingia.

Sikushangaa. Jiko la mama liko uani, hapa Uyole, lina dirisha moja lisilofungika na mlango wa bati. Foleni ilianzia kwenye pipa la maji, ikazunguka banda la kuku, ikatokea barabarani. Mgongoni nilikuwa nimembeba Lugano, binti yangu, ambaye ana miaka mitatu na hata ndotoni ni mzito. Mkononi nilikuwa na kauntabuku langu.

Niseme kwanza habari za hilo kauntabuku, maana ndilo lililonitia mashakani. Mimi niliachia shule kidato cha pili. Sasa nina miaka ishirini na nasoma masomo ya jioni kwa Mwalimu Sanga. Ndani ya kauntabuku naandika riwaya ya vijana. Msichana wake anaitwa Kissa, ana miaka kumi na tano, na kwenye sura ya saba nimemwacha amesimama kwenye geti la shule, anataka aingie aseme neno. Neno lenyewe silijui. Ni karibu wiki tatu sasa sijaandika kitu.

Jumatatu Mwalimu Sanga aliisoma, akavua miwani, akaniambia kwa upole kabisa, "Mama Lugano, wewe ni mtu mzima. Mambo ya sare na viranja waachie watoto. Mkuze huyu Kissa, mpe mume, mpe nyumba, halafu Ijumaa uniletee."

Nikamwitikia, sawa, mwalimu. Ndivyo ninavyoitikiaga.

Basi nipo kwenye foleni. Juu ya mlango wa jiko kuna kibao: VIJANA TU. Mlangoni, kwenye kigoda cha mama, amekaa Muhuri. Sisemi mtu mwenye muhuri. Ni muhuri mwenyewe, kiwiliwili cha mbao, nyayo za mpira, wino umemkaukia pembeni ya mdomo.

"Shikamoo," nasema.

"Marahaba. Gusa sikio."

Nilielewa. Enzi za mama, mtoto akipelekwa kuandikishwa darasa la kwanza alipitishwa mkono juu ya kichwa. Akigusa sikio la upande wa pili, umri umefika. Nikaupitisha mkono wa kulia juu ya kichwa. Ukaligusa sikio la kushoto, lakini haukukomea hapo. Ukateremka shingoni, ukazunguka begani, ukamfuta Lugano kamasi, ukaendelea kushuka mpaka chini ukaokota kijiko.

"Umepita," akasema Muhuri.

Machozi yakanilenga. Neno hilo nimelingoja tangu kidato cha pili. Nikamgeukia baba mmoja nyuma yangu, nikamwambia, "Nimepita."

"Hongera," akasema.

"Umepita sikio," akasema Muhuri. "Umezidi. Kakae kule na wenzako."

Wenzangu walikuwa kwenye benchi, ubavuni mwa gunia la mkaa. Watu wazima watupu. Kila mmoja kaficha kitabu cha vijana ndani ya kitu kingine. Nesi mmoja alikificha cha kwake ndani ya daftari la kliniki. Afande wa magereza, mstaafu, alikuwa amekifunika kwa kofia, na kofia ilikuwa inapanda na kushuka kama kifaranga amelala chini yake.

"Mimi namsomea binti yangu," akasema nesi kabla sijauliza kitu.

"Ana miaka mingapi?"

"Sina binti."

Afande akacheka kwa pua. "Mwongo huyo. Anasoma habari za yule kijana wa kidato cha nne anayeandika barua na kuzichana. Jana kalia mpaka ule ukurasa ukamwomba apumzike."

"Na wewe afande unasoma nini?" nesi akamchokoza. "Mwambie dada wa watu."

Afande akaikandamiza kofia. "Mimi nimefunga milango miaka thelathini na moja, binti. Siku hizi nikiambiwa nyumba ya jirani inaungua, nauliza saa ngapi. Vitabu vya watu wazima vinanijua hivyohivyo nilivyo. Kinaanza mtu ana huzuni, kinaisha ana huzuni na kisukari. Lakini humu," akaipapasa kofia, "mtu akipendwa, ni mara ya kwanza duniani. Akionewa, hajaambiwa bado kwamba ndiyo kawaida. Anauliza kwa nini. Halafu anasimama palepale anangoja ajibiwe."

Kofia ikasema, "Kwa nini?"

"Unaona," akasema afande.

Nesi akaliangalia kauntabuku langu. "Wewe unasoma au unaandika?"

"Vyote."

Wakanisogezea nafasi, taratibu, kama watu wanavyompisha mfiwa.

Nikakaa. Nilipokaa, benchi likawa dawati. Sikuhama, ni jiko lililohama. Nipo Kidato cha Pili B, siku ya Jumatano, kipindi cha pili, Baiolojia. Nesi na afande wako nyuma yangu, magoti yamewagota kwenye madawati. Mwalimu hayupo ila chaki inaandika. Jumatano hii naijua. Ni siku niliyoitwa ofisini katikati ya kipindi, nikaulizwa nina miezi mingapi, nikaambiwa nikachukue begi. Nami nikasema, sawa, mwalimu.

Nikatazama dirishani. Getini amesimama Kissa.

Ananyeshewa na mvua, yeye peke yake. Pembeni yake, hatua moja tu, vumbi. Mvua hiyo ni yangu. Mwisho wa sura ya sita niliandika, "Mvua ikaanza," nikafurahia ilivyokaa, na mpaka leo sijaandika kwamba imekatika.

"Siku ya ishirini," kauntabuku likasema. Lina sauti ya mtu aliyelala kifudifudi. "Mhusika asipoandikwa siku ishirini na moja, anahamishwa."

"Anahamishiwa wapi?"

"Rafu ya juu. Ya watu wazima."

Nikatazama juu. Kwenye dari kuna rafu, na ukingoni amekaa mama mmoja mwenye miwani ya kamba, ana maboksi. Kila anayefika anapewa vitu vitatu: mume, pochi na vidonge vya presha. Boksi la Kissa lilikuwa limeshaandikwa jina. Mume alikuwa ndani, ametulia, anasoma gazeti.

"Ana miaka kumi na tano," nikasema.

"Anakuzwa," akasema yule mama. "Si umesema sawa, mwalimu? Sisi tumepokea."

Nikafungua kauntabuku. Nikasaka kalamu kwenye nywele, kwenye soksi, kwenye mbeleko. Hakuna. Badala yake akaja Muhuri, anarukaruka kwa nyayo zake, akaniwekea fomu mezani.

"Huandiki kitu cha rafu ya vijana bila fomu."

Fomu ilikuwa na swali moja. Wewe ni mtu mzima? Chini yake visanduku viwili.

"Ukijaza ndiyo," akasema Muhuri, "kauntabuku linabaki hapa, na yule binti anapanda juu. Ukijaza hapana, kauntabuku unaondoka nalo. Mtoto anabaki."

"Mtoto gani?"

"Huyo wa mgongoni. Mtoto hapewi mtoto. Ni utaratibu."

Nikahisi fundo la mbeleko linalegea. Linajifungua lenyewe, bila haraka, kama mfanyakazi aliyepokea maelekezo. Nikalishika kwa mikono miwili. Lugano akaniwekea kidevu begani.

"Mama, twende," akasema.

"Tunaenda, mwanangu. Ngoja kidogo."

Huko nje Kissa alianza kupotea rangi. Sketi yake ya bluu ilikuwa inakwenda kijivu kwa kulowa. Mimi sina mkono wa kujazia fomu, maana nikiliachia fundo, Lugano anashuka. Nikajikuta namuuliza Muhuri swali, na sauti iliyotoka si ya mtu wa kusema sawa.

"Mzima maana yake nini?"

"Mzima ni mzima. Asiyepungua kitu."

"Basi nikagueni."

Muhuri akafikiri. Wino ukamtoka kidogo. Ukaguzi haukuwa umekatazwa. Nesi akaitwa mbele kuhesabu, afande akaandika.

"Mikono miwili, mmoja mrefu," nesi akasema. "Meno yote. Mshono wa kujifungulia, umepona vizuri. Moyo upo, unakimbia. Miaka ishirini." Akanigeuza kidogo, akanigonga mbavuni kama mtu anayechagua tikitimaji. Akagonga tena. "Hapa panalia wazi. Afande, njoo usikie."

Afande akaweka sikio. "Kuna Jumatano haipo," akasema. "Kuanzia kipindi cha pili mpaka kengele ya kwenda nyumbani."

"Imekwenda wapi?" akauliza Muhuri.

Nesi akaelekeza kidole dirishani. "Yule binti amesimama ndani yake."

Chaki ikasimama.

"Kwa hiyo huyu si mzima," akasema Muhuri. "Ana pengo. Lakini si mtoto, maana mshono upo." Akaitazama fomu muda mrefu, mbele na nyuma. "Mtu mwenye pengo hana kisanduku. Itabidi niulize. Wewe subiri."

"Nisubiri mpaka lini?"

"Mpaka uitwe."

Mimi nimeshasubiri kuitwa. Nilisubiri miaka mitatu, nikaja kuitwa Mama Lugano tu. Nikakaza fundo, nikabana kauntabuku kwapani, nikatoka darasani bila kunyoosha kidole, nikavuka geti, likajifunga nyuma yangu.

Nje, mvua ya Kissa ilikuwa na makali kuliko nilivyoiandika. Nikaingia ndani yake. Tukawa tumesimama pua kwa pua, na nikaona kwa mara ya kwanza kwamba ananizidi kimo.

"Umeniacha kwenye mvua ukaenda kupika," akasema.

"Nilikuwa na mtoto, Kissa."

"Najua. Hata mimi ninaye." Akaweka kiganja juu ya mkanda wa sketi, pale ambapo bado hapaonekani kitu. Sijawahi kuliandika hilo. Yeye alikuwa analijua muda wote. "Ndiyo maana wamefunga. Sasa niambie nawaambia nini. Sentensi moja tu, dada. Mimi siwezi kujitungia."

"Mimi nilisema sawa, mwalimu."

"Hiyo imeshasemwa. Ikatufikisha hapa."

"Una kalamu?"

"Mimi ni mwanafunzi," akasema, kama nimemtukana, akanipa kalamu.

Nikaandika: Kissa akasema. Kalamu ikasimama. Nikajaribu hotuba juu ya haki, maneno yakateleza na maji, yakaingia mtaroni. Nikajaribu nisameheni. Karatasi ikalikataa, ikatoboka. Kule juu nikasikia boksi linaburutwa. Na huyu mtoto wangu mgongoni anaanza kujinyonganyonga kama afanyavyo kila akiona mlango umefungwa, maana ni mwezi sasa amejifunza adabu na hapiti mlango wowote, hata wa banda la kuku, bila kutoa taarifa.

"Hodi," akasema Lugano.

Nikaandika hilo. Kissa akasema. Hodi.

Naye Kissa akalisema. Hakupaza sauti. Alilisema kama binti anayerudi kwao na amechoka.

Muhuri alikuwa nyuma ya geti, ameinamia fomu yangu, anatafuta kisanduku. Wala hakuinua kichwa.

"Karibu," akasema.

Halafu akasikia alichosema. Wino ukamkauka wote.

"Sikukusudia," akasema. "Imenitoka. Mtu akipiga hodi inatoka yenyewe."

"Umeshamkaribisha," akasema afande kutoka dirishani. "Karibu hairudi mdomoni."

"Ni utaratibu," akasema nesi.

Geti likafunguka kwa mlio wa bati. Kule kwenye rafu, yule mama mwenye maboksi akamkunja mume, akamrudisha na gazeti lake, akafuta jina kwa kitambaa. Kissa akapita. Alipokanyaga ndani tu, mvua ikabaki nje, inaninyeshea mimi. Akageuka. Uso wake ulikuwa na wasiwasi, lakini ule wa mtu mwenye kesho.

"Na wewe?" akaniuliza.

Nikafungua mdomo nipige hodi ya kwangu, na nikaamka.

Kulikuwa kumepambazuka. Lugano amelala, mguu wake uko shingoni mwangu. Nilibaki hapo nikimsikiliza anavyopumua, nimeshika upindo wa kanga, mpaka nikahakikisha fundo la mbeleko limebaki ndotoni na hakuna mtu wa kulifungua. Kisha nikatoka uani. Mama alikuwa amesimama mbele ya jiko na ufagio, hafagii.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hivi wewe ulitoka alfajiri?"

"Sijatoka."

"Kuna mtu kapiga hodi hapa. Sauti ya kike, ndogo. Mimi nikaitikia karibu hukohuko kitandani, nikajua ni mtoto wa jirani kafuata moto. Kuja kuangalia, hamna mtu." Akauelekeza ufagio kizingitini. "Halafu tazama. Mvua hatujaiona tangu Mei."

Nikatazama. Sakafuni kulikuwa na nyayo za maji, za kiatu cha shule chenye kisigino kifupi. Zilikuwa nne. Zilianzia kizingitini zikaingia jikoni, na hakuna hata moja iliyogeukia nje.

"Nani huyu kaingia na viatu?" mama akauliza.

"Ni wa kwangu, mama. Usizifute."

Nikarudi ndani kuchukua kauntabuku. Kesho ni Ijumaa. Nitampelekea Mwalimu Sanga sura ya saba, na Kissa atakuwa na miaka kumi na tano ileile. Lakini kwanza nikaenda kuwasha mkaa, maana atakuwa ameganda kwa baridi.