Udongo Uliopigwa Juu

Kwetu hatuamini kitu mpaka tukigonge kilie. Sakafu ya chokaa wanawake huipiga kwa vibao na nyimbo, hata sauti ikaze. Hapo ndipo tunasema imeiva. Mtindo huo umetukalisha sisi na babu zetu, sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na Mmanga.

Mwaka 1959 bahari ilikuwa imeshakula nusu ya kitongoji chetu, upande unaokitazama kisiwa cha Makoongwe. Mdogo wangu Siti, mjamzito, aliishi na mumewe Nassor kwenye kibanda ambacho maji ya bamvua, bahari inapojaa kupita kiasi, yaliingia mpaka chini ya kitanda. Kamati yetu ya kitongoji ikaamua kufukia hori, ule mkono wa bahari wenye mikoko, kwa udongo mfinyanzi wa mlimani, tupate viwanja. Siti akapewa cha kwanza.

Msimamizi wa kufukia alikuwa huyo Mmanga, mtoto wa hapa hapa, aliyerudi na elimu ya ujenzi kutoka Dar es Salaam. Alikata pipa la mafuta ubavuni, akatia kioo cha dirisha, akajaza maji ya bahari na kutumbukiza mabonge ya udongo, kama tulivyokuwa tukiyatupa horini. Juu akapanga mawe, yawe ndiyo nyumba. Tuliona wenyewe: baina ya bonge na bonge mna matundu ya maji, mawe yakilemea, mabonge yanabonyea, maji yanapanda, udongo unashuka. Kila asubuhi alichora alama ya mkaa kiooni, na kila asubuhi alama mpya ilikuwa chini ya ile ya jana.

"Bado," alisema. "Tusijenge mpaka alama zisimame. Huenda ikawa masika mawili."

Masika mawili, na Siti tumbo limeshamshuka! Bi Kazija, fundi wa sakafu, alicheka mpaka akashika kiuno.

"Mwanangu, hino sakafu yako haijapigwa! Udongo usopigwa utakaaje?"

Wanawake wakaupiga udongo wa horini mpaka ukalia kama sakafu. Kisha wakaja kwenye pipa, wakaondoa mawe, wakaupiga na ule, wakayarudisha. Kesho yake alama haikushuka. Keshokutwa vile vile. Vigelegele! Mmanga alichuchumaa, akatazama kioo kwa muda mrefu, chini kabisa. Akasimama.

"Haya, jengeni."

Siti akahamia, akajifungua mtoto wa kike, Mwanaasha. Siti alikuwa akilala mchana kweupe mlango wazi, bila hofu ya maji, na mimi nikipita nilifurahi mno kumwona.

Masika yakaingia. Asubuhi moja, Nassor yuko shamba, upande mmoja wa nyumba ulididimia na ukuta wa mawe ukaangukia ndani. Tulimkuta Siti kajikunja juu ya mtoto. Hakuweza kumkinga. Tuliwazika pamoja.

Matangani Mmanga alikuja kunipa mkono.

"Ngwali, chini matundu yalikuwa bado wazi. Kule kupiga kulifunga juu tu, maji yakakosa pa kutokea; mvua ilipolainisha juu, nyumba ikazama matunduni."

"Uliyaona?"

"Niliyaona."

"Na ukasema jengeni!"

"Nilisema bado, mkancheka. Nikachoka kuchekwa."

Wazee wakanishika, vinginevyo ningempiga, wallahi. Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema. Huyu alificha yeye, wakafa wengine. Kuchekwa kumeshamuua nani?

Ndipo aliposimama mbele ya watu wote, akasema kwa sauti kwamba asikae mtu pale horini, nyumba zote zilizojengwa zihamwe. Safari hii hakucheka mtu. Mwanapili, mjane mwenye kiwanja cha pili, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nimekusikia, mwanangu. Kwangu kule pwani jana maji yameingia jikoni. Mie na wanangu tukakae wapi?"

Jioni Mwanapili alipita mbele yetu na godoro kichwani, watoto nyuma yake wamebeba masufuria, wakaingia nyumba yao mpya, ile ya pili pale horini.