Matungulu ya Mpakani

Ilikuwa mwaka 2023, mwezi wa saba, msimu wa kuvuna mahindi. Domitille, mjane wa mtaa wa Mbunya mjini Bunia, alilima shamba lililopakana na msitu uliohifadhiwa. Mbegu alikuwa ameziazima kwa jirani yake wa shambani, Dorothée: beseni moja, la kurudishwa likiwa limejaa baada ya mavuno.

Miaka yote sokwe walishuka mpakani kula matungulu, matunda mekundu yaotayo karibu na ardhi. Wakishiba, walirudi msituni. Mwaka huo Domitille aliyafyeka yote ili aongeze mistari minne ya mahindi. Sokwe walipoyakosa, waliingia shambani.

Alivuna kilichobaki, akakianika, akakipukuchua huku mgongo ukimuuma. Alipata beseni moja na sahani moja.

"Dada, kuja uone," alimwita Dorothée. "Sokwe wamenimaliza."

"Weye mwenyewe ulifunga duka yao," Dorothée alijibu. "Ulitaka waende kula wapi? Soko ya Bunia?"

"Usinicheke. Nimechoka."

"Basi lipa nusu. Ingine utaleta mwaka kesho."

Domitille aliitazama ile sahani, chakula chake cha siku mbili.

"Hapana, dada. Hiyo nusu nikibaki nayo nitaikula, na mwaka kesho sitathubutu kukuomba mbegu tena."

Akamimina mahindi katika beseni la Dorothée mpaka likajaa, akayasawazisha kwa kiganja, akamsogezea.